Goti la Kampala

Malaba, Jumapili alasiri, 1978

Mwanangu Wandera,

Barua ya heshima huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umekunywa chai hapa hapa mezani, umekataa kiazi cha pili, umemwambia mama yako unaenda kuwaaga vijana wa Foleni, timu yako, ukatoka. Nilikuchungulia dirishani mpaka ukakaribia kwa fundi viatu. Na hapo, pale watu wanapoanza kuwa wengi, nikakuona unaanza kuchechemea.

Mguu wa kulia. Kidogo tu, kama mtu aliyeingiwa na kokoto kiatuni. Mama yako akasema labda umeteguka jana uwanjani. Mimi nikatafuta karatasi.

Hujateguka, Wandera. Mguu wako ni mzima. Najua kwa sababu na wangu ni mzima, na umekuwa mzima siku zote tangu nizaliwe.

Rudia kusoma hapo kama huamini. Mimi mwenyewe nimeuandika mstari huo mara mbili.

Mambo ya soksi na dawa ya kifua na kutokula nyama ya barabarani, mama yako ameshakueleza mpaka umechoka. Sitayagusa. Nina jambo moja tu, na ni lazima ulipate kabla lori la kiwanda halijafika kesho asubuhi kukuchukua ukafundishe timu yao. Ningekuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu ukianza habari za mpira, uongo hutangulia wenyewe kwa vile umezoea njia. Kwenye karatasi naweza kuusimamisha.

Malaba yote inajua kwamba baba yako alichezea timu kubwa ya Kampala, winga wa kushoto, mpaka beki mmoja akamvunja goti. Wamelipa goti hilo jina, Goti la Kampala, na mvua ikikaribia huniuliza linasemaje. Kuna watu wameanika mahindi kwa kulitegemea. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiwaambia wenzako kwamba ndani yake kuna chuma.

Ukweli ni huu. Nilikwenda Kampala nikiwa na umri kama wako. Nilifanyiwa majaribio, nikachukuliwa kwa sababu mchezaji mmoja alikuwa mgonjwa, halafu yule mchezaji akapona. Nikabaki pale msimu baada ya msimu. Nilifanya mazoezi na wale watu, nikafua jezi zao, nikajaza mipira upepo, na siku ya mechi nikavaa kama wenzangu na kuketi mwisho wa benchi. Kwenye mechi yenyewe sikuingia hata mara moja. Kocha akigeuka kunitazama, moyo unaruka, kumbe anataka maji. Mwishowe wakaniambia kwa upole kwamba ni bora nirudi nyumbani, nikarudi.

Nyumbani Bukhayo walikuwa wamenisubiri kama mgeni wa serikali. Jumapili ya kwanza wakapanga mechi, watu wakaja kutoka hata Namboboto kumwona mtu wa Kampala. Hapo ndipo nilipoogopa. Kama nisingewaona wale wachezaji wa kweli kwa karibu, ningeingia nikacheza tu, maana kijijini nilikuwa hodari. Lakini nilikuwa nimewaona. Nilijua mimi ni nani na wao ni nani, na nilifikiri kila mtu pale ataona tofauti hiyo mara nitakapogusa mpira. Basi nikasema, "Goti." Neno moja. Nikatoka mle darasani tulimokuwa tukivalia nikiuburuza mguu wa kushoto, na umati mzima ukasema pole.

Nilikusudia iwe ya alasiri ile tu, mwanangu.

Wiki hiyo hiyo mwenye ghala la pamba akaniita. Ndiye huyu bosi wetu ambaye baadaye, malori yalipokuwa mengi, alifungua ofisi ya kutoa mizigo forodhani hapa Malaba, nami nikamfuata mpaka leo. Alipenda mpira kuliko chakula. "Wewe ndiye yule wa Kampala? Pole kwa goti. Hiyo mguu haiwezi kubeba pamba, wewe kaa hapa uandike." Vijana wenzangu walikuwa nje na magunia mgongoni. Mimi nikapewa kiti na kalamu kwa sababu ya goti. Sasa niambie, ningeponaje?

Mama yako nilimwoa nikichechemea. Jioni baada ya jioni alichemsha maji, akatia chumvi, akanikanda goti hili kwa kitambaa, naye ana mimba yako na miguu yake mwenyewe imevimba. Nilijilaza pale nikasema hapo, hapo, kidogo juu. Nikikumbuka hivyo naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Alikuja kujua. Mvua ilishuka ghafla mahindi yakiwa nje, nami nikatoka mbio, miguu yote miwili, nikakusanya turubai na kurudi mbio. Alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Leo umekimbia vizuri." Jioni aliniletea maji ya moto na chumvi kama kawaida, akayaweka chini, akaenda zake jikoni. Hajanikanda tena tangu siku hiyo, wala hajaniuliza.

Unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka mara nyingi, hasa ile siku niliyojisahau nikachechemea mguu wa kulia kutoka ofisini hadi benki. Lakini bibi yako alipofariki, ndugu zangu wote walibeba jeneza la mama yetu. Mimi nilitembea nyuma na wazee, kwa kuwa mtu mwenye goti bovu habebi jeneza. Nilikuwa na nguvu za kumbeba peke yangu. Niliutazama mgongo wa mdogo wangu jasho likimtoka, nikatamani mtu yeyote anisukume nianguke, ili kitu fulani kivunjike kweli na niwe nimesema ukweli. Hakuna aliyenisukuma. Walinishika mkono nisijikwae.

Na wewe. Hujawahi kuniona nikikimbia. Ulipoanza kutembea ulikuwa ukinivuta mkono, twende, twende, halafu siku moja ukaacha kuvuta. Ulijifunza kupunguza mwendo ili unisubiri, na mpaka leo tukiwa njiani unatembea hatua fupi. Tulisema ni kifua ndicho kilichokuzuia kucheza. Ni kweli pumu ilikuwapo, daktari alisema. Lakini mara nyingine nawaza ni nani aliyekufundisha kwamba mwanamume wa nyumba hii hukaa pembeni ya uwanja.

Sasa nikueleze habari za Lubega, ambazo huzijui kwa kuwa wakati huo ulikuwa Sigalame shuleni.

Lubega alikuwa mshambuliaji wa ile timu yetu ya Kampala. Timu yao, niseme. Jina lake lilikuwa likitajwa redioni mpaka watu wa huku wakawapa watoto wao. Wanajeshi walipochukua nchi ng'ambo na watu wakaanza kuvuka na vifurushi, asubuhi moja akaingia ofisini kwetu akiwa na begi na viatu vya mtu mwingine. Ofisi nzima ilisimama. Mimi peke yangu nilibaki nimekaa, maana nilijua maisha yangu yamefika mwisho. Bosi akaropoka kwa furaha, "Si mnajuana? Huyu si mwenzako wa Kampala?"

Lubega akanitazama. Akautazama mguu wangu nilipojikokota kumsalimia. Akasema, "Huyu? Tulikuwa naye, ssebo, bwana wangu. Siku zote tulikuwa naye."

Tulipobaki wawili nyuma ya ofisi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Banange, jamani, hilo goti lilivunjikia wapi?"

"Huku huku kwetu," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yakamtoka. Halafu akayafuta akasema, "Ssebo, kumbe na wewe ni mchezaji."

Alikaa kwetu miezi kadhaa akingojea ndugu yake wa Nairobi, na bosi akampa timu ya ofisi, niliyokuwa nikiifundisha mimi, aifundishe yeye. Nilifurahi. Nilijiambia, sasa watafundishwa na mtu aliyecheza. Vijana walimpenda mpaka wakaanza kuvaa soksi kama yeye. Akichukua mpira unamganda mguuni, anageuka, mtu wa kumkaba ameshapotea. "Mnaona? Hivi tu."

"Tumeona, mzee, lakini umefanya aje?"

"Nimefanya hivi." Anarudia, tena kwa kasi zaidi.

Walijaribu, wakaanguka. Alikasirika, si kwa ubaya, alikasirika kama mtu anayeulizwa anavyopumua. Timu ilishindwa mechi baada ya mechi. Siku moja akaja kuketi karibu nami akasema hajui. "Mguu unajua, mimi sijui. Wewe ulikuwa ukituangalia. Mimi nilikuwa nafanya nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshatazama nyuma ya bega la kushoto mara mbili, na nyonga yake imeshageuka kule anakotaka kwenda. Kwamba akichoka aliitisha mpira zaidi, ili beki afikiri bado ana nguvu. Kwamba alikuwa hapendi pasi ya juu jua likiwa machoni, na kipa wa timu yake alijua, na hakuwahi kumpa. Alinitazama mdomo wazi. "Nani alikuambia?"

"Nilikuwa nimekaa, bwana. Nilikuwa na kazi gani nyingine?"

Akasema, "Basi wewe ndiye ungewafundisha."

Wandera, hapo ndipo penye mtego wangu. Alipoondoka kwenda Nairobi timu ilirudi mikononi mwangu, na kweli nilikuwa na kitu cha kuwapa. Nilikuwa nimeuona mpira kutoka mahali ambapo mchezaji hauoni. Lakini ili niseme nilichoona, ingenibidi niseme nilikionea wapi. Winga hawezi kusimulia mgongo wa winga unavyoonekana kutoka benchi. Basi nilifundisha vile nilivyodhani mtu aliyecheza angefundisha. Nilisimama pembeni nikapiga kelele, kazeni, moyo, moyo, mnacheza kama wanawali! Walikaza, wakashindwa kwa moyo wote. Na watu wakasema, pole, mchezaji mkubwa haeleweki na hawa watoto.

Sitakudanganya tena hata kwa upande huu. Kucheza si bure. Lubega akiwa bado kwetu, taniboi mmoja wa timu ya ofisi, msaidizi wa dereva, alikosa penalti akaenda kulia nyuma ya lori la saruji, nami nilikwenda kumwambia yasiyo na maana, ajikaze. Lubega alienda akachuchumaa, akamsimulia penalti aliyoikosa yeye uwanja ukiwa umejaa, na kelele zile zinavyobaki masikioni usiku. Yule kijana akainua kichwa. Mimi singeweza hilo, na wewe pia huwezi. Huko kiwandani tafuta mtu mmoja aliyewahi kukosa penalti mbele ya watu, fundi mitambo, mlinzi, yeyote, umweke karibu yako, na usimwonee wivu. Siku ya kwanza wachezaji watamwamini yeye kuliko wewe. Ukifika mwezi wa pili watakuwa wanataka kushinda, na watakutafuta.

Maana nimekuona na Foleni.

Mimi sikuwahi kuifikiria timu ile. Nani angefikiria kuunda timu ya watu waliokwama? Malori yamejipanga kuanzia forodhani, mengine yanalala pale siku baada ya siku, madereva wamechoka, mataniboi wanacheza karata chini ya matela. Wewe ukapita asubuhi ukiwasalimia mmoja mmoja. Nilidhani unawauliza wanacheza namba ngapi. Kumbe unawauliza wamelala wapi, wamekula nini, na kazi yao garini ni ipi. Yule taniboi mfupi uliyemweka golini, nilikuuliza kwa nini, ukanijibu, "Baba, huyu ndiye huruka chini na kigingi cha kuzuia gurudumu lori likianza kurudi nyuma mlimani. Hangojei kuambiwa." Nilikwenda nyumbani na jibu hilo likanikalia kifuani.

Na siku ile ya mechi na watu wa forodha. Meneja wa kiwanda alikuja kufuatilia malori yake, akasimama karibu nami na mkoba wake.

"Hii timu ni ya nani?"

"Ya foleni, boss," kijana mmoja akamjibu. "Hawa wote wanangoja kupita."

"Na kocha?"

"Ndiye huyo amekaa kwa kreti."

Kipindi cha pili tarishi akaja akipiga kelele kutoka barabarani, "Ya saruji! Ya saruji imeitwa!" Beki wako wa kati na dereva wake wakatoka uwanjani mbio, wakapanda lori na bukta zao, wakaenda zao Uganda. Watu walicheka. Wewe hukusimama hata. Uliinua vidole viwili, yule wa kulia akaingia kati, winga akarudi nyuma, kana kwamba walijua tangu asubuhi. Walijua, kwa sababu uliwaambia asubuhi. Kila mtu wako alijua nafasi yake na nafasi ya jirani yake, kwa kuwa jirani anaweza kuitwa saa yoyote. Mkashinda.

Meneja akakufuata pale kwenye kreti. "Kijana, hiyo umefanya aje? Wewe ulicheza wapi?"

Ulifungua mdomo. Ulisema, "Mimi..." Nikakukata.

"Kampala, boss. Kwa timu yangu ya zamani, ile ya vijana."

"Ah!" akasema. "Sasa naelewa."

Akakupa timu ya kiwanda papo hapo, lakini mimi nimelifikiria neno hilo, naelewa, usiku na mchana. Mtu ameyaona kwa macho yake mawili yale unayoyajua, na bado alihitaji uongo wangu ndipo ayaamini. Kwa wakati ule nilijiona mjanja. Nilidhani nimekufungulia mlango. Tulipokuwa tukirudi nyumbani ukaniuliza, "Baba, mbona umesema hivyo?" nami nikakukaripia. "Ulitaka niseme nini? Kwamba ulikuwa umelala na kifua? Mtu hajagusa mpira atawaambia nini wachezaji wa kiwanda?"

"Na wakiuliza huko?"

"Nani atavuka kuuliza? Huko kwenyewe watu wanakimbilia huku."

Ni maneno ya mtu wa mpakani. Watu wa mahali pengine wakitaka kudanganya huogopa jirani. Sisi tuna ng'ambo, na siku hizi hakuna anayevuka kwenda kuuliza habari, basi tunaweza kuweka huko kila kitu tusichokuwa nacho. Nimesikia watu hapa wakiwa na maduka ng'ambo, digrii ng'ambo, hata wake. Mimi niliweka goti.

Ukaendelea kutembea kando yangu. Nikafikiri umekubali. Wiki iliyofuata ukaanza kuniuliza, kwa sauti ndogo, vyumba vya kubadilishia nguo viko upande gani wa uwanja, jezi za vijana zilikuwa rangi gani, kocha alikuwa mtu wa kabila gani. Nami, mwanangu, nilifurahi kukujibu. Nilikaa hapa mezani nikakuchorea uwanja mzima. Hatujawahi kuongea kwa muda mrefu namna ile, mimi na wewe. Niliona raha mpaka nikasahau nilikuwa nakufundisha nini.

Leo ndiyo nimeona. Umefikiria mbele, kama unavyowafikiria Foleni. Umejiuliza, siku ya kwanza mchezaji mmoja akinirushia mpira na kusema, tuonyeshe, kocha, nitafanya nini? Na umepata jibu lile lile nililolipata mimi kule Bukhayo, bila mtu kukuambia. Nani mwingine umewahi kumwona akijiokoa?

Najua kitakachofuata. Utasema goti, watasema pole. Utalala ukiwa umetulia. Kisha utapata rafiki pale, na utamdanganya. Utapata mke, atachemsha maji. Utaona kitu uwanjani ambacho ni wewe tu umekiona, na utakimeza, kwa kujiuliza kama mtu aliyecheza angesema hivyo. Kila Jumamosi utakuwa ukifundisha vile mtu fulani asiyekuwapo angefundisha, na yule Wandera wa kwenye kreti, ambaye ndiye waliyemtaka bila kujua, hatafika kiwandani kamwe. Atakuwa amebaki hapa Malaba pamoja nami. Tumeshabanana vya kutosha humu.

Tena mwili nao husadiki. Nyonga yangu ya kulia sasa inauma kweli, kwa kubeba kazi ya miguu miwili. Mgongo umepinda. Daktari akinipima atakuta ugonjwa, na ataniuliza niliumia wapi.

Basi kesho. Lori la kiwanda litasimama mbele ya ofisi yetu, na meneja amesema atakuwemo. Nitakuja kukusindikiza, na atauona mwendo wangu, na wote walio pale watauona. Ataniuliza goti limeponaje. Nitamjibu. Nitamwambia habari zote, benchi na maji na ghala la pamba, mbele ya bosi, mbele ya fundi viatu, mbele ya yeyote mwenye masikio. Mama yako nimeshamwambia mchana huu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikuwa nangoja tu uchoke."

Baada ya hapo meneja atakugeukia wewe. Ataniuliza, na huyu je? Mara ile nilikujibia. Safari hii nitanyamaza, hata ukikawia, hata nikiona jasho linakutoka. Hapo ni pako. Unaweza kusema Kampala, na mimi sitakukanusha. Unaweza kusema hukucheza kokote, kwamba ulikuwa umekaa na kifua chako ukitazama, na kwamba alichokiona siku ile ndicho ulicho nacho.

Anaweza kukuacha pale barabarani na sanduku lako. Naliogopa hilo, usidhani siogopi. Nimeomba miaka mingi mtu wa nyumba hii atoke hapa. Lakini naogopa zaidi kukuona ukipanda ngazi ya lori kwa mguu mmoja. Akikuacha, utarudi nami nyumbani kunywa chai, na Jumanne foleni itakuwa ndefu kama kawaida.

Barua hii naiweka juu ya sanduku. Ukishaisoma, si lazima uje kuongea nami leo. Nikisikia hatua zako chumbani nitajua umeisoma.

Nimejaribu kutembea mchana huu, mlango ukiwa umefungwa, kutoka kitandani hadi dirishani. Nayumba. Mguu wa kushoto umesahau kazi yake, unakanyaga kama wa mtoto. Lakini sanduku nitalibeba mimi, kutoka mlangoni petu, kupita kwa fundi viatu, kupita malori yote, hadi ofisini. Watu watasimama kutazama, na wewe utataka kupunguza mwendo kama ulivyozoea.

Usinisubiri, Wandera. Tembea mwendo wako. Nitakufikia.

Baba yako